Kigoda Mlangoni

Tangazo la manispaa lilibandikwa Jumamosi kwenye mlango wa duka la mikate, na kabla ya adhuhuri Wadi Sir nzima, huku karibu na Amman, ilikuwa na habari. Barabara ya juu inapanuliwa. Safu ya chini ya makaburi ya zamani, inayopakana nayo, itahamishiwa kilimani, na kila familia ipeleke jina la mtu wake kwa karani kabla ya Alhamisi kwisha. Asiyepelekewa jina atazikwa upya pamoja na wenzake wasio na majina, chini ya jiwe moja.

Safu ya chini ndiyo ya waliotangulia. Wacherkesi wa kwanza, watu waliofukuzwa na Mrusi kutoka milimani kwao, walipoingia bonde hili na mikokoteni yao hakukuwa na fundi wa kuchonga maandishi. Walisimamisha jiwe tupu, na kila mtu alijua lipi ni la nani. Sasa waliojua wamekwisha mmoja mmoja, na jiwe la tatu kutoka kwenye mlozi lilibakiwa na shahidi mmoja tu. Shahidi huyo alikuwa zizini anakamua ng'ombe, na alikuwa amekwisha kusema hapana.

"Mwandikieni mnachotaka," Bibi Goshnagu alisema bila kugeuza kichwa. "Kinywani mwangu halitoki."

Mjukuu wake Janset alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo ya pili. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Shule aliiacha darasa la tano, magoti ya bibi yalipoanza kukataa kazi, na kusema kweli hakuililia sana. Darasani mwalimu akimuuliza kitu, sauti ilikuwa inamkimbia. Kwa bibi yake sauti ilikuwapo. Kwa ng'ombe pia.

"Ni jina tu, bibi."

"Ni jina la baba mkwe wangu."

Janset akaiweka ndoo chini. Mkamwana wa Kicherkesi hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Haketi mbele yake, wala hamsemeshi, mpaka siku mzee mwenyewe atakapomwita na kumpa zawadi, amwambie: sasa kaa, sasa sema. Wengine hungoja mwaka, wengine miaka mitatu. Bibi Goshnagu aliishi miaka sita kwenye nyumba ya mkwe wake, na mzee akafa hajamwita. Tangu hapo imepita miaka hamsini na mitatu, na bibi bado anangoja.

Jioni ya siku hiyo alikuja Ami Janbek, mtoto wa bibi, fundi wa magari, mtu asiyependa jambo lilale. Baba yake Janset alikuwa kazini Kuwait, kwa hiyo mambo ya ukoo yalikuwa juu ya Janbek. Alikaa, akavuta sahani ya halizh, vile vimkate vya jibini vya kukaanga, akala vitatu, ndipo akasema.

"Mama, nimemaliza. Tunaandika Abdallah bin Abdallah. Ndivyo karatasi yake ya jeshi inavyosema."

"Huyo simjui," bibi akasema.

"Ndiye babu yangu."

"Babu yako alisimama kwenye mstari na vijana sitini. Karani wa Kituruki akauliza majina yao ya milimani, akachoka kwenye la tatu. Waliobaki wote akawaandika Abdallah. Kule makaburini unao Abdallah wangapi?"

"Wanne," Janbek akakiri.

"Basi nenda kamwongeze wa tano, halafu siku ya Idi usimame katikati yao umwombee dua umtakaye."

"Sasa la kweli ni lipi?"

Bibi akamtazama tu.

"Unaona?" Janbek akasema.

"Naona nilikulea vibaya. Kula."

Tatizo ni kwamba hapakuwa na mwingine wa kuuliza. Mkewe mzee hakumtaja, kwa sababu mke naye hamtaji mumewe. Mwanawe, mume wa Bibi Goshnagu, alimwita tu "Mzee", kama watoto wote, naye alifariki Janbek hajaota meno ya pili. Kijijini walimwita Thamada, jina wanalopewa wote wanaotangulia mbele ya wenzao. Ni dada yake mkubwa peke yake, alipokuwa akija kutembea kutoka Quneitra, aliyesimama uani na kumwita kwa jina alilopewa na mama yao. Bibi alilisikia akiwa jikoni. Alilisikia mara tisa, na mara zote tisa alikuwa amesimama.

Jina hakulitoa, lakini maisha ya mzee alikuwa akiyatoa yote bila kubakisha. Jumapili asubuhi, akiminya jibini kwenye kitambaa, alimsimulia Janset tena, ingawa Janset aliyajua tangu utotoni.

Mzee alizaliwa milimani mwaka ule Mrusi alipowasukuma watu wote mpaka baharini. Mama yake alivuka naye Bahari Nyeusi amemviringisha ndani ya joho. Wakapewa ardhi nchi ya Wabulgari, wakalima, wakajenga, na alipofika miaka kumi na minne wakafukuzwa tena. Meli ya pili iliwashusha Akka, yeye na dada yake tu. Wengine waliishia njiani. Sultani akasema ng'ambo ya Mto Yordani kuna ardhi nzuri na hakuna anayeilima.

"Hakusema kwa nini hakuna anayeilima," bibi akasema. "Hilo walijionea wenyewe."

Walilala miezi minne ndani ya magofu ya Amman, wakati ule Amman ikiwa mawe na mbuzi. Homa ikachukua nusu yao. Waliobaki wakaja kwenye bonde hili kwa sababu lina maji. Mzee alikata mwaloni, akachonga magurudumu mawili mazito ya mbao nzima, yasiyo na spoki, akaunda mkokoteni kama ule wa kwao. Ulikuwa mkokoteni wa kwanza kupita hapa. Mabedui wakaja kuutazama, maana hawakuwa wameona kitu kama hicho. Wakaja mara ya pili kuutazama. Mara ya tatu waliondoka na maksai.

"Ndipo akaingia jeshi la wapanda farasi, apewe bunduki ya kulindia ng'ombe wake," bibi akasema. "Wakampa bunduki. Halafu wakampeleka mbali kabisa na ng'ombe, akalinde reli ya Hijazi. Miaka kumi na mmoja."

Huko kusini, karibu na Maan, baridi ya jangwani ilimla vidole viwili. Huko huko homa ilimwangusha, farasi akarudi kituoni peke yake, na wenzake wakamswalia wakijua amekwisha. Kumbe waliomwokota walikuwa watu wa hema moja la Mabedui, na alipofumbua macho akamtambua mwenye hema. Ni yule aliyechukua maksai. Walimnywesha maziwa ya kondoo siku kumi na moja, wakamrudisha juu ya ngamia. Habari ya maksai haikutajwa na yeyote.

"Baada ya hapo," bibi akasema, "ukimsema vibaya Mbedui mbele yake, alikuwa anainuka na kwenda zake. Hakukemei. Anakuachia chumba."

"Alikuwa hasemi kabisa?"

"Alikuwa anasema, lakini kwa kupima na kijiko. Kama wewe."

Bibi akakamua kitambaa mpaka maji yakakoma. Kisha akafika pale ambapo sauti yake ilikuwa inabadilika siku zote, kwenye habari ya gurudumu.

Aliletwa kwenye nyumba hii ana miaka kumi na saba, hana mama, hana kaka, nguo zake mbili. Mkamwana hatakiwi kukutwa na mkwe wake amekaa, kwa hiyo alishinda amesimama, hajui mzee atatokea saa ngapi. Ila mkokoteni ulikuwa unalia. Magurudumu yale hayakutiwa mafuta, na ukelele wake ulisikika tangu kwenye kinu cha maji. Akiusikia anasimama, anajifunika, anajitenga. Usiposikika, anakaa, anapumzisha miguu. Majirani walichoka na kelele ile, mmoja wao akamletea mzee kopo zima la mafuta ya kondoo. Mzee akashukuru, akampa mkewe akaangie.

"Mama mkwe akamuuliza, wewe mzee, kwa nini usilipake hilo gurudumu? Mimi niko nyuma ya ukuta nasikia. Akamjibu, likinyamaza, huyu mtoto atapumzika saa ngapi?"

Bibi akakifungua kitambaa, akaitoa jibini.

"Miaka sita, Janset. Na sikuwahi kumwambia ahsante, maana sikuwa na ruhusa ya kumwambia neno. Sasa mnataka nimnyang'anye jina lake kabla hajanipa, nikampelekee karani. Siwezi, mwanangu. Nalitaka jiwe lake kuliko nyinyi wote. Lakini siwezi."

Janset alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Alijua kwamba mkwe akifa, mtu wa rika lake au wa kikosi chake anaweza kusimama mahali pake. Na wa kikosi chake alibaki mmoja, Mzee Yinal wa nyumba ya kona, aliyepelekwa kwenye reli akiwa kijana wa miaka kumi na minane, thamada wake akiwa mzee wa mkokoteni. Sasa Yinal alikuwa na miaka tisini na mbili, mbuzi mmoja na sikio moja, na hilo sikio lenyewe halisikii mpaka lipigiwe kelele. Kwenda kwake kulimaanisha kusimama barabarani mbele ya kinyozi na wateja wake, na kusema.

Jumatatu alifika nusu ya njia na sahani ya halizh, akarudi. Jumanne alifika.

Mzee Yinal alikuwa amekaa langoni juani, mbuzi amefungwa kwenye mguu wa kiti chake.

"Usimkaribie, anauma," alisema badala ya salamu. "Wewe wa nani?"

Janset akajibu.

"Eti?"

Akajibu tena.

"Mwanangu, mimi si kuku wa kuongeleshwa kwa mnong'ono. Sema."

Janset akaishika sahani kwa mikono miwili, akavuta pumzi, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyoipanga. "Mimi ni mjukuu wa Goshnagu. Nataka umpe bibi yangu ruhusa ya kusema."

Mkasi wa kinyozi ukasimama. Mtu mmoja mwenye povu shavuni akachungulia mlangoni.

Mzee Yinal akamtazama binti huyu. "Goshnagu?" akasema. "Nani aliwahi kumnyamazisha?"

Kinyozi akacheka. Janset aliona uso wake unawaka, lakini hakuondoka. Alieleza yote kwa sauti ile ile, maana ndogo haikufaa: tangazo, jiwe la tatu, Abdallah wa tano, miaka sita na ile hamsini na mitatu. Alimwomba asimame mahali pa thamada wake, atoe zawadi yoyote, hata huyo mbuzi, watamrudishia.

Mzee Yinal akainama mbele kitini.

"Lakini alishampa," akasema.

"Alimpa nini?"

"Kigoda."

Janset akadhani sikio limemdanganya yeye sasa.

"Kigoda cha mlozi, cha miguu mitatu," Mzee Yinal akasema. "Nilikuwapo akikichonga, pale uwanja wa kupuria ngano. Nikamwambia, Thamada, mkamwana hupewa ng'ombe, au mkanda wa fedha. Akasema ng'ombe nilionao wanahesabika kwa vidole vyangu vilivyokatika, nitampa pa kukaa mbele yangu. Nikaona ni zawadi nzuri. Basi kilichobaki ni kuwaita watu na kulisema lile neno, na hapo ndipo pagumu. Mtu yule nimemwona akienda peke yake mbele ya bunduki kumi na tano, anatembea kama anakwenda kuteka maji. Lakini kusimama mbele ya watu aongee? Na binti wa watu? Alikaa na kigoda kile wiki tatu. Mwisho alfajiri moja akakiweka mlangoni pa chumba cha Goshnagu, akaniambia, ataelewa. Siku ya nane akashikwa na homa, na hiyo ndiyo iliyomchukua."

"Mbona hukusema, babu?"

"Aliniuliza nani? Miaka yote nikipita namwona Goshnagu amekikalia zizini. Nikajua wameelewana."

Aliichukua sahani kutoka mikononi mwake. Janset alikuwa ameisahau.

Alimkuta bibi zizini. Ng'ombe wa kahawia alikuwa katikati ya kukamuliwa, na bibi alikuwa amekaa pale anapokaa siku zote, goti moja huku, goti jingine kule. Janset alimweleza akiwa amepiga magoti kwenye majani makavu. Hakupamba neno hata moja. Alipomaliza, mikono ya bibi ilikuwa bado kwenye chuchu za ng'ombe lakini maziwa hayatoki.

Bibi akainuka polepole, ameshika mgongo wa ng'ombe. Akageuka akakitazama kigoda. Kilikuwa cheusi kwa miaka, katikati kimebonyea.

"Nilidhani ni cha kukamulia," akasema.

Ng'ombe akapiga mkia.

"Nilikikuta mlangoni asubuhi. Nikasema, mzee ameona nachuchumaa zizini, amenionea huruma. Nikakichukua nikaja nacho hapa hapa. Siku hiyo mkokoteni haukulia, alikuwa amekuja kwa miguu. Akatokea hapo mlangoni, mimi nimekaa. Nikaruka nikasimama, nikajifunika, maziwa nusu yakamwagika. Yeye akakitazama kigoda. Akanitazama. Akangoja kidogo, Janset. Nakumbuka kwamba alingoja. Halafu akaenda zake."

"Alikuwa anangoja ukae tena."

"Alikuwa anangoja nikae tena," bibi akasema, na akajifuta uso kwa mkono wenye maziwa.

Lakini mambo ya desturi kwa Bibi Goshnagu hayamalizikii zizini. Ruhusa ni ya mbele ya watu, na kama mzee alishindwa kuwaita, ataitiwa. Jumatano baada ya swala ya alasiri walipanda makaburini: bibi kwa fimbo yake, Janset na kigoda kichwani, Ami Janbek akiendesha, mikono ingali na mafuta ya gari, na Mzee Yinal juu ya kiti cha mbele cha gari la Janbek, mbuzi nyuma, kwa kuwa alikataa kumwacha. Kinyozi naye alikuja. Alisema yeye ni shahidi tangu mwanzo.

Janset alikisafisha kigoda kwa maji ya moto asubuhi hiyo. Sasa alikiweka mbele ya jiwe la tatu kutoka kwenye mlozi, akakikandamiza kisitingishike. Mzee Yinal akasimama kando ya jiwe, akavua kofia, akaivaa tena.

"Goshnagu," akasema. "Thamada wangu anasema, kaa."

Bibi alikaa. Ulikuwa mwendo mfupi, ule ule aufanyao mara mbili kila siku, lakini Janset akamshika bega mpaka akatulia. Bibi akaitengeneza shela yake. Akalitazama jiwe uso kwa uso, jinsi ambavyo hakuwahi kumtazama mwenyewe.

"Shumaf," akasema.

Janbek aligeuka upande. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na sita, na alikuwa hajawahi kulisikia jina la babu yake.

"Baba Shumaf, ahsante kwa gurudumu," bibi akasema. "Ahsante kwa miguu yangu. Nilisikia siku ile nyuma ya ukuta. Na kigoda nilikipenda, sikujua tu. Sijakiacha hata siku moja."

Kila mtu alidhani amemaliza. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Alimweleza mazishi ya mwanawe, na jinsi Janbek alivyokuwa mkaidi, na mwaka wa nzige, na ng'ombe wote kwa majina yao na tabia zao. Alimweleza kwamba Mabedui wa bonde la pili ni majirani wema, mmoja wao ndiye aliyemfunga mguu ulipovunjika, na kwamba yeye mwenyewe amekuwa akiinuka na kuondoka wanaposemwa vibaya, kama alivyofanya mzee. Alilalamika kidogo kuhusu mama mkwe. Alimweleza habari za mjukuu wake, asiyependa kusema mbele ya watu, aliyesimama barabarani jana akapiga kelele mpaka kinyozi akaacha mkasi.

"Amekufuata wewe," akaliambia jiwe. "Nilikuwa nikijiuliza amemfuata nani."

Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mlozi. Mzee Yinal alibadilisha mguu.

"Goshnagu, mwachie naye apumzike."

"Amepumzika miaka hamsini na mitatu. Wewe kama umechoka kakae kwenye gari na mbuzi wako."

Mzee Yinal akaenda kukaa kwenye gari.

Alhamisi Janset aliingia peke yake kwenye ofisi ya manispaa. Mbele yake palikuwa na watu saba, na alipofika dirishani wote walikuwa bado wapo, kwa sababu hakuna aliyetaka kukosa kusikia nani ni wa nani. Karani aliuliza bila kuinua macho: safu gani, jiwe gani, jina gani.

"Safu ya chini, la tatu kutoka kwenye mlozi," Janset akasema. "Shumaf."

"Sema tena?"

Alisema tena, akaongeza kwamba alikuwa askari wa reli, na kwamba ndiye aliyeleta mkokoteni wa kwanza kwenye bonde hili. Karani alisema hayo mengine hayana nafasi kwenye fomu. Janset akasema anajua. Alitaka tu ayasikie. Kisha akaiomba kalamu, akaliandika jina mwenyewe, herufi moja moja, asije karani huyu naye akachoka.

Aliporudi nyumbani alikuta kigoda kiko mlangoni pa chumba cha bibi, kimefunikwa kitambaa cheupe. Kutoka zizini ilisikika sauti ya ndoo ikisukumwa.

"Janset," bibi akaita. "Umemwandika?"

"Nimemwandika, bibi."

"Mungu akuweke. Sasa njoo unitafutie debe au tofali. Magoti yanauma, na sina pa kukaa."